Picha Yatima za Ndaki

Geita, 4 Februari 2024

Kwako Bibi Limi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na mke mwenzio Noela ni mzima. Anakusalimu na anauliza utakuja lini kumfundisha kupika mlenda, maana yeye umemshinda na mimi ndiye ninayeumia. Shule tumefungua. Nimepewa kidato cha pili wote, wale wa kelele, na ofisi nachangia na mwalimu wa kilimo anayefuga kuku chini ya meza. Msalimie dada yangu Loveness, mwambie nimesikia habari za yule kijana wa bodaboda anayekuja kutengeneza bomba lenu kila Jumamosi. Hilo bomba lina ugonjwa gani usiopona?

Naandika barua kwa sababu simu yako imenishinda. Juzi uliweka sauti ya juu, nikamsikia jirani yako akinijibu kabla yako. Halafu kuna picha tano za zamani ambazo nataka uzishike mkononi. Konda wa basi ameniahidi zitafika bila kukunjwa.

Zigeuze nyuma utaona muhuri: NDAKI PICHA. Huyu Ndaki Maige alikuwa mpiga picha, alizunguka kwa baiskeli kwenye minada ya Kishapu miaka ile ya uhuru, kisha akahamia huku Geita akafungua studio karibu na soko. Alikufa na hakuna aliyemwandika hata mstari mmoja. Mimi namwandikia kitabu, Bibi. Kampuni moja ya vitabu ya Mwanza imekubali kukichapa, na mhariri wao, dada mmoja anayeitwa Dorah, ana sharti moja tu: kila mtu atakayeonekana kwenye picha atajwe jina lake. Hataki kitabu cha watu wasiojulikana.

Mama aliniambia kwamba wewe ulimjua Ndaki ulipokuwa msichana kule Mhunze, Kishapu. Niambie kila kitu. Je, aliwahi kukupiga picha?

Mumeo mdogo,
Edson


Ngokolo, Shinyanga, 21 Februari 2024

Mume wangu Edson,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka soda, konda wako nimemsema mbele ya abiria wake. Sisi wazima. Goti langu la kushoto limegoma, la kulia linafanya kazi za wote wawili. Bomba limepona, sasa kijana anatengeneza mlango. Mwambie mke mwenzangu mlenda haufundishwi kwa barua, na kwamba nilimwonya asiolewe na mtu wangu.

Mama yako anasema ovyo. Mimi Ndaki simjui. Na kama nilimjua, alikuwa mwizi.

Hizo picha ulizoleta ndugu yangu umeziharibu kwa penseli. Nyuma ya ya pili na ya nne umeandika: "Wanaume wa ukoo mmoja wenye uwezo, wamevaa koti la sare." Ukoo gani? Hilo ni koti moja, la Ndaki mwenyewe. Alilipasua mgongoni likafungwa kwa kamba, ili limtoshe mnene na mwembamba. Kila aliyeuza pamba yake alilivaa, akasimama mbele ya lile pazia lililochorwa nyumba ya ghorofa na simba barazani, akapigwa picha. Simba mwenyewe alifanana na mbwa wa mjomba wangu. Ukichapa kwamba hao ni ukoo mmoja, wazee wa Kishapu watakufuata hadi Geita.

Halafu andika na hili. Filamu zilipomwishia Ndaki hakufunga kazi. Aliendelea kubofya kamera tupu, watu wanatabasamu, wanalipa kuku na mayai, anawaambia njooni mnada ujao. Siku moja ikajulikana. Wanaume wakamtafuta kwa fimbo mnada mzima, naye akapanda baiskeli na pazia lake mgongoni, na Mhunze hakuonekana tena. Ndivyo alivyokuwa huyo shujaa wako.

Mimi hajawahi kunipiga picha. Usiniulize tena.

Mke wako mkubwa,
Limi


Geita, 30 Machi 2024

Mke wangu mkubwa mwenye goti moja,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani, na kuku mmoja wa mwalimu wa kilimo ametaga kwenye droo yangu. Noela hajambo. Mama amepiga simu kutoka Kahama, anasema hukumbuki kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyemsimulia habari za Ndaki siku moja ukipepeta choroko, na kwamba ulinyamaza katikati ukaenda zako nje.

La koti nimelifuta. Ahsante, umeniokoa na fimbo.

Sasa sikia nilichopata. Nimezungumza na mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza chai mlangoni kwa studio ya Ndaki. Anasema Ndaki alifika Geita na mfuko wa filamu za Kishapu ambazo zilikuwa zimepigwa kweli. Alizisafisha, akatoa picha, lakini angezirudishaje? Kule walikuwa wanamsubiri na fimbo. Basi akazigongomea zote kwenye ubao nje ya studio. Akaziita yatima.

Na hapa ndipo utakapocheka. Geita ya wakati ule ilijaa wachimbaji waliotoka kila upande, na wengi hawakuwa na picha ya mtu wao hata mmoja. Mtu anafiwa na kaka, hana picha yake. Anakwenda kwenye ubao, anatazama, anatazama, anachagua yatima mwenye pua inayokaribiana, analipa, anaiweka ukutani. Mwaka mmoja ukipita huyo ndiye kaka. Kwa hiyo Bibi, kuna watu wa Kishapu wanaombolezwa huku mpaka leo na watu wasio ndugu zao. Nimecheka barabarani peke yangu mpaka mwendesha baiskeli akasimama kuniuliza kama naumwa.

Dorah amefurahi mno. Lakini anauliza: hao yatima tutawapataje majina?

Edson


Ngokolo, 9 Aprili 2024

Mume wangu,

Marahaba. Sote wazima. Mlango umepona, sasa ni dirisha.

Sina la kukuambia. Ila kuna jirani yangu mmoja, humjui, ameniomba nikuulize kama kwenye hao yatima uliona picha ya msichana amekaa kwenye kiti cha kukunja, mbele ya pazia la simba. Amefunga kitambaa chenye madoa kichwani. Ana mwanya wa juu. Mguu mmoja una kiatu na wa pili hauna, kwa sababu kiatu kimoja kilikwama kwenye tope la mnada na Ndaki akasema haitaonekana. Amepakata mtoto.

Jirani huyo alilipa jogoo. Hakupewa kitu. Yeye anaamini kamera ilikuwa tupu.

Si lazima ujibu haraka. Ni jirani tu anauliza.

Limi


Nyarugusu, 26 Mei 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Noela mzima, mimi mzima, na hapo salamu zangu zimeisha.

Mwambie jirani yako kwamba picha ipo.

Nilitangaza kanisani na kwenye vijiwe vya machimbo kwamba natafuta picha zenye muhuri wa Ndaki. Nikaelekezwa kwa Mzee Abel wa huku Nyarugusu, mwenye maduara matatu, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, na ng'ombe wasiohesabika. Amenipokea sebuleni. Kuna makochi yenye vitambaa, runinga kubwa kuliko dirisha, na juu yake, kwenye fremu yenye kioo, kakaa msichana mwenye mwanya. Kiti cha kukunja. Simba anayefanana na mbwa. Kiatu kimoja, Bibi! Mwanya nimeutambua kabla sijakaa, maana nimelelewa na mwanya huohuo mdomoni mwa mama yangu.

Mzee Abel akasema, "Huyo ndiye mayu wangu, mama aliyenizaa. Na huyo aliyepakatwa ni mimi."

Mama yake alifariki yeye akiwa hajaanza hata kukaa. Baba yake, marehemu Mzee Luka, alimlea peke yake machimboni, akampa picha hii. Na si ya kutazama tu. Kabla vijana hawajashuka kwenye duara jipya, picha inatolewa ukutani, inawekwa juu ya kigoda, na pombe ya mtama inamwagwa mbele yake. Mzee Abel ni mzee wa kanisa, kwa hiyo kwanza anamwomba Yesu, kisha anamgeukia mama, ili asimwache mtu bila kumpigia hodi. Mawe yakitoka na dhahabu, wanasema mama ametoa. Yakitoka matupu, wanasema tulimwudhi.

Mimi nilifanya nini? Nilichinjiwa kuku. Nilikula paja nikasema, "Kweli Mzee, mmefanana." Ndivyo nilivyosema, mwalimu wa historia mzima.

Bibi, mama yangu Vumilia tumemjua siku zote kuwa mzaliwa wako wa kwanza, naye alizaliwa miaka kadhaa baada ya Ndaki kukimbia Mhunze. Huyo mtoto uliyempakata ni nani?

Edson


Ngokolo, 8 Juni 2024

Mume wangu Edson,

Marahaba, na umpe mke mwenzangu salamu zake, na kuku wa ofisini pia.

Nimecheka mpaka Loveness akaja mbio na maji. Kumbe nimekuwa mzimu tangu enzi za uhuru na hakuna aliyeniarifu! Pombe yote hiyo ya mtama inamwagwa chini kwa jina langu, na mimi huku nimekaa na kiu. Mwambie huyo Abel kwamba mizimu ya siku hizi hupokea vitu kwa basi. Na dhahabu kumbe ni mimi ninayeitoa! Nawatolea wenzangu dhahabu huku kandambili zangu nimezifunga kwa waya. Halafu wananilaumu mawe yakitoka matupu. Mimi nilikuwa nimelala zangu Ngokolo, nitajuaje kwamba wameanza duara?

Sasa nisikilize. Kamera haikuwa tupu. Nimemlaani yule mtu maisha yangu yote, kila nikipita Mhunze nilikuwa nageuzia uso mahali alipoweka pazia lake, na kamera haikuwa tupu. Nilipofika kwenye maneno yako kwamba picha ipo nilifunga mlango nikalia. Dirisha lenyewe halijapona, kwa hiyo Loveness aliniona.

Naitaka picha hiyo. Siitaki ya kwenye simu, naitaka yenyewe. Nililipa jogoo, tena jogoo mwekundu aliyekuwa anawika. Nenda kamwombe Abel akuazime, kisha sahau kurudisha. Akikataa, iibe. Wewe ni kijana, una miguu miwili inayofanya kazi.

Swali lako la mtoto nimeliona. Huku ni kiangazi, vumbi ni jingi.

Limi


Geita, 20 Julai 2024

Mke wangu mkubwa, mzimu wangu,

Shikamoo. Noela amecheka barua yako, kisha akaniuliza kama ukoo wetu mzima uko hivi. Nimemwambia ni wewe tu na Loveness.

Kuiba nimeshindwa. Nilimwomba Mzee Abel picha niipeleke Mwanza ikachukuliwe nakala nzuri. Akakubali, akavaa suti, akaifunga kwenye kitenge, akaipakata mwenyewe njia nzima. Ilipowekwa kwenye mashine ya kunakili aliishika pembe moja asiiachie, ndiyo maana nakala yetu ina kidole gumba. Kwenye kivuko alikuwa anaionyesha ziwa.

Dorah alipoiona alisema hiyo ndiyo jalada. Hakuna mjadala, jalada. Mzee Abel akafurahi mpaka akamnunulia samaki, akamwambia aandike chini yake: "Mama yangu na mimi."

Sasa Bibi nimebanwa. Nikiandika hivyo, kitabu changu kitasema uongo kuanzia jaladani, na mimi mwenyewe nikijua. Nikiandika jina lako, nitakuwa nimemnyang'anya mzee wa watu mama yake, na nitakuwa nimemtoa hata yeye mwenyewe kwenye mapaja ya mama yake. Kitakuwa kimebaki nini pale? Kiti na simba. Na wewe unaitaka picha yako, na una haki. Nimekuwa nikipita mbali na kanisa lake ili nisikutane naye.

Dorah anataka maelezo ya picha mwisho wa Agosti. Nafikiri njia ya heshima ni kuitoa kabisa kwenye kitabu. Tuweke yule bwana mwenye koti.

Na bado hujanijibu kuhusu mtoto.

Edson


Ngokolo, 3 Agosti 2024

Edson,

Marahaba. Unitoe mimi uweke koti? Koti lenye kamba mgongoni? Thubutu.

Mtu mmoja tu duniani aliwahi kunipiga picha nikiwa bado na meno yangu na mwanangu, na picha hiyo itolewe kitabuni na mjukuu wangu kwa kumwogopa mzee wa kanisa? Hapana.

Nakuja. Loveness nimemwambia nakwenda Kahama kumwona mama yako, na mama yako nimemwambia naumwa, asinipigie simu. Mpange Abel kwamba kuna mama mzee wa Kishapu aliyemjua Ndaki, anataka kuiona picha. Usimwambie zaidi. Mengine niachie mimi. Nimeshayapanga: nitamwambia mimi ni mdogo wake mama yake, tumbo moja, ndiyo maana mwanya unafanana. Halafu nitamwambia mama yake alipofariki aliusia kwamba picha irudi kwetu. Ataitoa mwenyewe kwa machozi, na kitabu chako kitaandika "Limi na mtoto" bila kusema mtoto wa nani. Kila mtu atakuwa na chake.

Usinitazame hivyo. Najua unanitazama hivyo.

Nunua sukari, Noela anaweka kidogo.

Limi


Geita, 15 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Hivi ndivyo unavyonifanya?

Ulishuka kwenye basi umevaa kitenge kipya na viatu vyote viwili, nikakupeleka Nyarugusu, nikakutambulisha kama tulivyokubaliana. Ulipoiona picha ulishika mgongo wa kochi. Mzee Abel akanituma soda dukani. Duka liko hapohapo nje, lakini halikuwa na soda ya baridi, nikaenda la pili. Niliporudi mlango umefungwa. Nikasikia wewe unacheka. Halafu nikamsikia yeye anacheka. Halafu mkanyamaza wote, nikakaa kwenye ngazi na soda zangu zikapata moto.

Mlipotoka macho yenu mekundu wote wawili, na hakuna aliyenieleza kitu! Umekaa kwake siku tatu. Siku ya kuondoka amekurudisha Shinyanga kwa gari lake, na beberu nyuma, na mimi nimeachwa barabarani nikipunga mkono kama mtoto wa shule. Noela anasema nilistahili.

Nimekwenda kumwuliza Mzee Abel picha iandikwe nini. Ameniambia, "Kamwulize mayu." Mayu yupi? Ameniambia, "Wewe una wangapi?" Tangu hapo akiniona ananiita mpwa na ananituma maji.

Dorah amenipigia kila siku wiki hii. Kitabu chote kiko tayari isipokuwa mstari mmoja. Nakuomba, Bibi. Umeipata picha au hukuipata? Ulimdanganya au hukumdanganya? Na nimeuliza mara mbili sasa, naheshimu ukimya wako, lakini nauliza mara ya tatu: mtoto ni nani?

Edson


Ngokolo, 29 Septemba 2024

Mume wangu Edson,

Marahaba, baba. Mimi mzima. Goti limepata nafuu, nadhani ni lile gari. Dirisha limepona na vyote vimepona, na yule kijana ameleta wazee wake, kwa hiyo jiandae kuvaa koti, na liwe na mgongo. Beberu tumemfunga nyuma ya nyumba, ameshakula kanga ya jirani.

Nilimdanganya, ndiyo. Ulipotoka tu kufuata soda nilianza. Nilimwambia mimi ni mama mdogo wake, tumbo moja na marehemu. Nilimsimulia utoto wetu, tulivyochunga pamoja, tulivyogombania shuka. Nikatia na wimbo. Nilidanganya vizuri mpaka mwenyewe nikaanza kumlilia huyo dada. Yeye ananimiminia chai, ananisikiliza, hakatizi hata neno.

Nilipomaliza akafungua kabati akatoa kile kioo chao cha jicho, kile wanachotazamia dhahabu kwenye jiwe. Akaishusha picha ukutani, akaniwekea mapajani, akanipa kioo. Akasema, "Mayu, mtazame huyo mtoto sikioni."

Nikatazama. Kauzi, Edson. Kauzi keusi nilikomtoboa nako sikio mimi mwenyewe, siku chache kabla ya mnada. Nilikuwa nimekasahau.

Akasema, "Kioo hiki nilikinunua nikiwa kijana, duara la kwanza. Kitu cha kwanza nilichokitazama nacho hakikuwa jiwe, nilimtazama mama yangu. Nikaona mtoto ametobolewa masikio. Kwetu mtoto wa kiume hatobolewi. Nikajua huyo si mimi, na kama si mimi, basi na mama si mama."

Nikamwuliza mbona basi ameendelea kunimwagia pombe maisha yote. Akacheka. Akasema, "Baba yangu alikuwa na mbuzi mmoja. Akamtoa kwa Ndaki, akaninunulia mama. Mimi ni nani nimrudishe dukani?" Hapo ndipo uliposikia tunacheka. Baba yake hakuwahi kumwambia, na yeye hakuwahi kumwambia baba yake kwamba anajua. Watoto wake hawajui mpaka leo. Alipoona mwanya wangu mlangoni alijua nani ameingia, akakutuma soda. Alijua duka lile halina friji.

Kisha akasema, "Haya mayu, mimi nimekuambia. Na huyu mtoto alikuwa anaitwa nani?"

Mjukuu wangu, wewe uliniuliza ni nani, mara tatu, umehesabu mwenyewe. Yeye ndiye wa kwanza kuniuliza alikuwa anaitwa nani. Aliugua surua wiki ileile ya mnada, ikamchukua. Nilikuwa nasubiri picha, na mnada uliofuata nilikwenda kuichukua peke yangu, nikakuta watu wana fimbo na Ndaki hayupo. Wazee wa kwa mume wangu walinikataza kumtaja jina mpaka nizae mwingine, eti atamwita mwenzake. Nikanyamaza. Nikamzaa mama yako, nikangoja mtu aniulize sasa, na hakuna aliyeuliza. Babu yako alikufa bila kulitaja. Nikaona labda nimebaki nalo peke yangu, na nikifa litakuwa limekwisha.

Nilimwambia Abel. Alilitamka, akalirudia polepole, kisha akaiambia ile picha. Hapo ndipo uliposikia tumenyamaza.

Picha sikuichukua. Aliifunga kwenye kitenge anipe, nikaikataa. Kwangu ingekaa chini ya godoro. Kule inasalimiwa kila asubuhi, na sasa anaisalimia kwa majina mawili. Nimechukua beberu. Kila kiangazi atakuja kunichukua nikakae nao, na pombe nimemwambia iwe inaletwa kwenye kikombe.

Mama yako usimwambie, nakwenda Kahama Jumatatu nimwambie mwenyewe kwamba alikuwa na dada. Asije akasoma kwenye jalada.

Mwambie Dorah aandike hivi, asipunguze wala asiongeze:

"Limi na binti yake Minza, mnada wa Mhunze. Picha ya Ndaki Maige. Imetunzwa na Abel, mwana wa Limi."

Mke wako mkubwa,
Limi, mama Minza